Banda Lisiloingia Ufagio

Paliondokea Jogoo mmoja katika nchi ya Arua, upande utazamao Mlima Wati, mwenye undu mwekundu na sauti iliyovuka mto Enyau, akatawala kuku wengi kwa miaka mingi. Alipoona enzi yake imetulia, aliamuru lijengwe banda la kumfaa mfalme na raia zake. Likajengwa la matofali ya kuchoma na bati jipya, na mlango wake ukafanywa mdogo hata mtetea aliuingia kwa kuinamisha shingo, kwa kuwa mfalme alisema kwamba mlango mpana hukaribisha adui. Ndani, fito za kulalia zilipigiliwa ukutani moja juu ya nyingine kwa kufuata vyeo: wake chini ya paa, ukifuatiwa na wa mawaziri, kisha wa askari, na mwisho kabisa, karibu na udongo, wa vifaranga na mama zao.

Sasa kuku, kama wajuavyo wafugaji, hunya sana usiku akiwa amelala kwenye ufito. Mavi ya mfalme yaliwaangukia mawaziri, ya mfalme na mawaziri yakawaangukia askari, na ya wote yakatua migongoni mwa vifaranga. Asubuhi mfalme aliposhuka na kuona hali yao, alihuzunika, akauliza ni malezi gani haya, watoto wachafu hivi tangu alfajiri. Ikatolewa amri kwamba vifaranga wafundishwe usafi.

Mvua za Aprili ziliponyesha, sakafu ya udongo ikalowa, ikapanda hewa kali iliyowasha macho, na utitiri uliojificha mchana katika nyufa za kuta ukatoka usiku kunyonya damu. Mfalme akateua waziri wa ufagio. Ufagio haukupita mlangoni. Waziri akafukuzwa kwa uvivu, akateuliwa mwingine na kupewa ufagio mkubwa zaidi, naye akafukuzwa. Na kila aliyefukuzwa aliondoka akiamini, maskini, kwamba kosa lilikuwa la mikono yake. Ikaundwa tume ya bata, ambao tope kwao ni neema, nao wakathibitisha kuwa sakafu haina dosari. Wageni walipotarajiwa, ukuta wa mbele ulipakwa chokaa na nyasi mbichi zikatandazwa juu ya uchafu wa jana, funika kombe mwanaharamu apite, hata sakafu ikapanda tabaka kwa tabaka na kuufikia ufito wa vifaranga. Wengi wao hawakuwahi kuota mbawa.

Ndipo akaja koo mkongwe kutoka Koboko, mwendo wa kilomita 55 hivi upande wa kaskazini, amesafirishwa ndani ya tenga. Akalala usiku mmoja, na asubuhi akaitwa barazani aeleze mbona hakulisifu banda.

"Mfalme wangu," akasema, "kwetu nako kuku hunya kama hapa. Lakini banda letu limeinuliwa juu ya nguzo, na sakafu yake ni fito zilizoachiana nafasi. Uchafu hujidondokea kwenye bati linalovutwa nje kila asubuhi, ukalundikwa mpaka uoze na kupoa, kisha ukapelekwa shamba la mboga. Fito za kulalia hazikupigiliwa. Huegeshwa tu, zikatolewa, zikasuguliwa na kuanikwa juani. Viota viko chini kuliko fito, kwa kuwa kuku hupenda kulala palipo juu, na kiota kikiwa juu mayai huchafuka. Kuta zimesiribwa, utitiri haupati ufa. Na mlango una kimo cha mwanamke anayefagia."

"Fito zenu zina daraja ngapi?" akauliza mfalme.

"Zote kimo kimoja."

Baraza likavurugika. Waziri mmoja akasema hizo ni desturi za mpakani, hazifai nchi yenye heshima. Mwingine akasema bati la kuvuta ni jambo jema, liwekwe chini ya ufito wa mfalme peke yake, na vifaranga walibebe. Bata wakaombwa ripoti ya pili. Vifaranga, ambao hakuna aliyewaita barazani, walikuwa wamemsikiliza koo kupitia ufa. Jioni ile wakaanza kudonoa udongo uliounga matofali kando ya mlango, kwa zamu, na baraza lilipoahirishwa siku ya tatu, mpini wa ufagio ulikuwa umeshapita, na mama zao walikuwa wakilisukuma tofali la pili.