Makofi kwa Mstari Ulionyooka

Makofi yale bado yananilia masikioni. Mgeni rasmi ameinama mbele ya skrini, miwani kaishusha puani, msafara mzima umebanana nyuma yake, mpiga picha kapanda juu ya stuli ya maabara, na mimi nimeshabonyeza kitufe ili waone jinsi spektromita ya masi inavyoikamata sumukuvu ndani ya karanga. Dakika zikapita. Pale ambapo kilele kilipaswa kuchomoza, mstari ulinyooka, ukaendelea kunyooka.

"Sasa huu mstari unasemaje?"

Mkuu wangu wa maabara, mtu asiyekosa neno hata msibani, akakohoa. "Mheshimiwa, mashine... haijaona kitu."

"Kwa hiyo karanga zetu ni salama! Jamani, makofi kwa wakulima wetu!"

Wakapiga. Mimi nami nikapiga, maana ukiwa umevaa koti jeupe huwezi kubaki umekunja mikono. Sampuli ile nilikuwa nimeitia sumukuvu kwa mkono wangu asubuhi, makusudi, kutoka kwenye kichupa chenye picha ya fuvu, kwa kiasi ambacho kingefungisha ghala zima. Mheshimiwa akachota na karanga za bakuli la maonyesho, akatafuna mbele ya kamera. Hizo, namshukuru Mungu, zilitoka dukani.

Uchungu wangu hutauelewa mpaka uijue mashine yenyewe. Ni mizani, ila inapima molekuli, na molekuli haikai kwenye sahani. Lazima kwanza uitie chaji ndipo umeme upate pa kuishikia. Kwa miaka mingi hilo liliwezekana kwa vitu vyepesi, vinavyovumilia kugeuzwa mvuke. Vikubwa vilisambaratika kabla ya kupimwa. Aliyefungua njia ni Mmarekani John Fenn, aliyepewa Nobeli ya kemia mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 85, na hotuba yake ya siku hizo aliipa jina linalohusu kuwapa mbawa tembo wa molekuli. Njia yake ni hii: kimiminika kinasukumwa kwenye sindano nyembamba yenye volti elfu kadhaa, kinatoka kama ukungu, na kila tone limebeba chaji. Naitrojeni ya moto inalikausha tone. Linasinyaa, lakini chaji hazipungui. Zinabanana, zinasukumana, mpaka tone linapasuka kuwa matone madogo zaidi, nayo yanasinyaa na kupasuka, na mwisho inabaki molekuli peke yake, nzima, na protoni yake moja ubavuni. Ukimulika tochi kwenye kidirisha unauona ukungu huo kwa macho. Mimi huumulika hata siku ambazo hakuna tatizo.

Kutoka hapo molekuli hiyo yenye chaji, yaani ioni, inafyonzwa kwenye ombwe, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni kama sehemu moja ya milioni mia ya hii tunayovuta, na inapita katikati ya fito nne za chuma. Fito hizo zinapewa umeme unaobadilika mamilioni ya mara kwa sekunde, na mapigo yakipangwa sawasawa, ioni za uzito mmoja tu ndizo zinazopita salama. Nyingine zote zinayumba na kujigonga. Sumukuvu aina ya B1 ina uzito wa 312. Ikiongezwa protoni ni 313. Inayopita inagongeshwa kwenye gesi ivunjike, na vipande vya 285 na 241 ndivyo ushahidi wetu. (Wageni wakifika hapa huanza kutazama saa. Mimi ndipo ninaponogewa.)

Basi msafara ulipokwenda kula pilau, nilibaki na mstari wangu. Ishara ikipotea, hutafuti kila mahali. Unaikata njia katikati. Niliitoa kolamu, lile bomba fupi la chuma lililojazwa unga laini, nikavuta sumu kidogo kwenye bomba la sindano, nikaisukuma moja kwa moja kwenye mashine ikiwa ndani ya methanoli mpya. Hapo hapo 313 ikasimama wima, ndefu, bila aibu. Kwa hiyo ombwe zima, fito nzima, kitambuzi kizima. Nikarudisha kimiminika cha kwenye chupa zetu. Ikafa.

Asubuhi yote nilikuwa nimeiamuru mashine itazame 313 na vipande vyake tu, na mashine ni mtiifu: haikuambii usichoiuliza. Nikaifungulia itazame uzito wote. Skrini ikajaa vilele vilivyopangwa kama ngazi, na kutoka kimoja hadi kingine tofauti ni 44. Kisha 44. Kisha 44 tena. Kila aliyekaa na mashine hizi anaijua namba hiyo na kuichukia. Ni uzito wa pingili moja ya minyororo inayotiwa kwenye sabuni za maji. Na sabuni ikiingia kwenye ukungu ule, protoni zinagombaniwa kama viti vya daladala saa kumi na mbili jioni: sabuni inapitia dirishani, sumukuvu inaachwa kituoni.

Nikaenda kwa mama wa usafi.

"Shikamoo mama. Zile chupa za juu ya mashine, nani aliziosha?"

"Marahaba mwanangu. Mimi. Mkuu alisema wageni wanakuja, kila kitu king'ae."

Ziling'aa kweli. Chupa zile hazioshwi kwa sabuni kamwe, husuuzwa kwa kiyeyushi tu, na hakuna aliyewahi kumwambia. Semina ya mashine ilikuwa ya wenye digrii, na chai yake alipika yeye.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika, ombwe likaenda nao. Halafu mtambo wa naitrojeni ukagoma. Kolamu mpya ikakwama bandarini.

Lakini hayo ni ya mashine. Nilimwomba mkuu tumwandikie mheshimiwa barua fupi, kwamba mstari ule haukuwa na maana aliyoipa. "Unataka kumwaibisha?" akaniuliza. Barua haikuandikwa, na ile picha ya kutafuna karanga imetundikwa mapokezi. Nami nilikuwa na sababu ya kuitaka: mwaka 2004 nchini Kenya, huko Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 familia za Dodoma na Manyara nazo zilizika. Sumu hii haina ladha wala haimalizwi kwa kupikwa, na kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa B1 ni sehemu 5 kwa bilioni. Jicho letu la kuona kiasi hicho ni mashine kama hii, na ikipofuka inatoa jibu lile lile inalolitoa chakula kikiwa safi.

Kwa hiyo wewe mnunuzi, msindikaji, au mzazi wa mtoto anayekula uji wa lishe, ukipewa cheti kilichoandikwa "haikuonekana", uliza kama siku hiyo mashine ilipewa kwanza sumu inayojulikana, na kama iliiona. Wakianza kukohoa, usipige makofi.