Pikipiki Juu, Mimi Chini

Yule jamaa anayepigwa picha kwenye vipeperushi vya meza za kunyanyulia pikipiki hana mke, hana kuku, na hana jirani. Sakafu yake inang'aa, glavu nyeupe, pikipiki imesimama mbele yake usawa wa kiuno, naye kashika spana anatabasamu. Nati ya ekseli ya nyuma iliyoshika kutu naifahamu. Kinachomtoka mtu mdomoni akiwa nayo si tabasamu.

Karakana yangu iko uani, Kigamboni: mirunda, mabati, na chini mchanga ule ule wa baharini. Kwetu fundi wa pikipiki hufanya kazi kachuchumaa, na ukiwa kijana wala huoni shida. Baadaye magoti yanaanza kujibu kabla hujayauliza. Ndipo mtu anapoanza kutazama vipeperushi.

Kwa kazi ndogo, sitaki kudanganya, stendi ya kati iliyokuja na Boxer inatosha. Kukaza cheni, kupaka grisi, kuosha, huhitaji kitu kingine. Taabu inaanza unapotoa kitu kizito. Ukivua tairi la nyuma, pikipiki inalemea mbele. Ukivua la mbele, inakaa kitako. Ukiigusa na injini ndiyo usiseme. Kwa hiyo unatafuta cha kuwekea chini ya tumbo, na mtaani kwetu cha kuwekea ni kreti la soda.

Msilidharau kreti. Limetengenezwa libebane na wenzake yakiwa yamejaa chupa, kwa hiyo pikipiki ya kilo 120 hivi wala haliijali. Ila lina mwenyewe. Mama Neema ana kiduka mbele ya nyumba, na bila kreti tupu hapewi lililojaa. Siku hiyo Boxer iko juu ya kreti, tairi la nyuma nimeshalipeleka kwa fundi wa pancha, gari la soda likapiga honi.

“Baba Neema, gari limekuja. Naomba kreti langu.”

“Subiri kidogo mama, pikipiki iko juu yake.”

“Gari halisubiri. Iteremshe.”

“Nitaiteremshaje na haina tairi?”

“Kwani uliipandishaje?”

Nikakosa la kusema. Utingo wa gari, kijana mwenye mikono ya kubebea makreti tangu asubuhi, akaja uani, akaangalia, akacheka, akaikamata fremu akainyanyua. Mimi nikavuta kreti, Mama Neema akasukumia kinu kilichopinduliwa. Kilienea vizuri ajabu. Lakini pikipiki ilikaa juu ya kinu mpaka fundi wa pancha alipojisikia kumaliza kazi yake, na muda wote huo nyumbani hakuna aliyekula kisamvu. Amri ikatoka: nikanunue kifaa changu.

Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa, muuzaji alinipeleka moja kwa moja kwenye meza. “Mzee, hii unanunua mara moja tu maishani.” Ilikuwa meza ya haidroliki, ya kukanyaga pedali, urefu wake karibu mita 2, imeandikwa kilo 450. Ningeweza kuipandisha Boxer yangu na ya jirani, na majirani wenyewe juu yake. Nikamuuliza ikivuja mafuta usiku inakuwaje. Akanionyesha chuma cha usalama, kinachoingizwa kwenye mashimo meza ikishafika juu, ili uzito ukae kwenye chuma na si kwenye mafuta. Hilo nawaambia na ninyi: meza isiyo na chuma hicho mwachieni mwenye duka.

Lakini meza ile inataka saruji. Kwenye mchanga wangu mguu mmoja ungezama kwanza, na pikipiki ingelala ubavu kwa utulivu kabisa, imefungwa mikanda yake yote. Halafu naijua nyumba yangu. Kitu chochote bapa kilichoinuka kutoka chini ni mali ya umma. Kesho yake ningekuta mbaazi zimeanikwa, keshokutwa nguo zinapigwa pasi, na mimi nimerudi kuchuchumaa pembeni.

Jirani yangu, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi gereji, yeye alishauri winchi ya mnyororo ining'inizwe kwenye mwembe. Injini ngapi za malori zimetolewa hivyo! Kweli, ila mwembe una watoto kuanzia Novemba.

Nikachukua jeki ya mkasi. Inapanda kwa kuzungusha skrubu kwa spana. Mwanzoni, mkasi ukiwa umelala, unasukuma kwa nguvu zote, kisha kadiri unavyosimama ndivyo unavyokuwa mwepesi. Chini nimeiwekea ubao mpana ili isizame. Inabeba vizuri. Ila waliochora pikipiki ndogo hawakumwazia mwenye jeki: tumboni kuna ekzosi upande mmoja, na katikati kabisa, pale pazuri pa kuegemeza, ndipo palipo na nati ya kumwagia oili. Unainyanyua pikipiki ili umwage oili, kisha unagundua jeki imeikalia nati. Dawa yake ni vipande viwili vya mbao juu ya jeki, kimoja kila upande wa nati, na subira.

Kasoro ambayo hakuna kipeperushi kinachoitaja ni kwamba jeki ya mkasi hubebeka kwa mkono mmoja. Meza isingeazimwa na mtu. Yangu aliiazima mzee wa winchi, anyanyue mguu wa kitanda uliovunjika kidogo tu, mpaka seremala apatikane. Jana nimepita kuiulizia.

“Shikamoo mzee. Nimefuata jeki.”

“Marahaba baba. Sema polepole, mgeni kalala.”

“Anaondoka lini?”

“Huyu? Huyu ndiye seremala.”