Sifa za Ndumilakuwili

Kukisifu kitu kinachofanya kazi ni jambo jepesi, na hakuna aliyewahi kupewa kiti cha mbele kwa ajili hiyo. Mimi nimeamua kuisifu DualDisc, diski ya muziki iliyozaliwa Marekani mwaka 2004, ambayo siku hizi huikuti ila kwenye maboksi ya watu wasioweza kutupa vitu. Mimi ni mmoja wao. Bado ninayo, kwa hiyo nasema kwa ushahidi.

Kwa faida ya vijana: ilikuwa diski moja yenye nyuso mbili, upande mmoja CD, upande wa pili DVD, zimegandishwa kwa gundi mgongo kwa mgongo. Upande wa CD una albamu. Upande wa DVD una albamu ile ile kwa sauti safi zaidi au sauti ya kuzunguka chumba kwa spika sita, na video za nyongeza, na msanii akionyeshwa studioni amevaa visikizio, amefumba macho. EMI, Universal, Warner na Sony BMG, kampuni za muziki ambazo kwa kawaida zilikuwa zikigombania kila kitu, zilikaa pamoja zikaibariki. Wakaijaribu kwanza kwa wakazi wa Boston na Seattle, kisha wakaitawanya nchi nzima. Ilikuwa miaka ya hofu. Napster ilishawazoesha wanafunzi wa vyuo kupata nyimbo bure mtandaoni, mauzo ya CD yanashuka, DVD zinagombewa. Ikaonekana dawa ni kuziunganisha.

Sifa ndogondogo nizipitie haraka. Inabana nafasi kabatini. Inafundisha usafi, kwa sababu diski inayosomwa pande zote mbili haina mahali pa kuishika wala pa kuilaza; ukiiweka mezani, upande mmoja lazima uumie. Inamzoeza mtu kuvaa miwani mapema, maana haina uso wa kuchapa picha wala jina la msanii: kila kitu kimeandikwa kwa herufi za sisimizi kuzunguka tundu la katikati. Huko ndiko unakosoma kwamba huu ni upande wa DVD, ukabaki kujiuliza kama wanaukusudia upande unaousoma wewe au ule wa chini utakaosomwa na mashine. Nimewahi kuona watu wazima, wenye shahada, wakiligombania hilo sebuleni kwangu mpaka chai ikapoa.

Suala la kugeuza lenyewe halikunitisha. Sisi tuliokua na santuri za 45 tuligeuza tangu utotoni: wimbo unakatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, na watu wanasubiri gitaa mpaka mmoja anyanyuke. Tofauti ni kwamba ukiigeuza santuri, wimbo unaendelea. Ukiigeuza DualDisc, unaanza upya.

Lakini sifa kuu, ile ninayotaka mnisikilize vizuri, ni uaminifu.

Wakati huo nilikuwa naishi Massachusetts, na gari langu lilikuwa na redio isiyo na kisahani cha kutoka na kuingia. Ina mdomo mwembamba tu. Unaisogezea diski, inaivuta yenyewe. Nikaisogezea DualDisc yangu, ikaivuta. Nikasikia mota ya ndani ikihangaika, ikakwaruza, ikanyamaza, ikaanza tena. Kwenye kioo cha redio yakatokea maandishi ya kusema kuna hitilafu. Nikabonyeza kitufe cha kutoa. Diski ikachungulia, kiasi cha ncha ya ukucha, ikarudi ndani. Nikabonyeza tena, ikachungulia, ikarudi. Nikaleta kibano cha nyusi cha mke wangu. Nusura irudi nacho.

Ndipo nilipoanza kuelewa. Muziki wote niliowahi kuununua uliniacha. Kanda zilitafunwa, CD ziliazimwa na mashemeji zikahamia kwao moja kwa moja. DualDisc haikuniacha. Theluji ilianguka ikayeyuka, imo. Nilikwenda nayo kazini, nikaenda nayo misibani, nikaenda nayo kwenye harusi jimbo la jirani, imo. Ililinda mali pia, kwani ni mwizi gani ataiba redio yenye kitu kimekwama kooni? Nyimbo zake nilizijua kwa moyo bila kuzisikia hata moja, kwa kuisoma orodha kwenye kasha kila nilipokwama kwenye foleni. Na iliiponya ndoa. Mke wangu alilalamika miaka mingi kwamba ndani ya gari siongei. Sasa hakuna redio, hakuna CD, nikaongea. Niliongea siasa, niliongea ukoo, niliongea bei za vitu, mpaka jioni moja akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba ni vizuri tutafute fundi. Fundi naye akanufaika. Alifungua dashibodi, akaitoa diski ikiwa salama kabisa, akaniambia redio ndiyo imekufa.

Mkitaka kujua uaminifu huo ulitengenezwaje, hesabu yake ni hii. CD ina unene wa milimita 1.2. DVD ni tabaka mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa, na kwa kazi hii tabaka moja iliwatosha. Ukijumlisha 1.2 na 0.6 unapata 1.8, unene ambao mashine haziukubali. Basi wakaipunguza CD. Wakaipunguza mpaka 0.9, jumla ikawa 1.5, ukingoni kabisa mwa kinachoruhusiwa. Mashine za kuvuta diski kwa mdomo, za magari na za laptopu, nyingi zilitengenezwa kwa diski ya kawaida, na tumbo hilo la ziada zikalibeba kwa shida. Hilo ni la nje. La ndani ni kwamba leza ya CD imefundishwa kuangalia chini ya milimita 1.2 za plastiki. Huko ndiko inakotarajia kuukuta muziki. Hapa muziki umepandishwa juu. Mashine nyingine zinajikaza na kuuona, nyingine hazioni kitu. Diski ilipotoka garini, deki yangu ya sebuleni iliipiga vizuri, lazima niseme kweli. Kimashine cha bei chee cha mwanangu nacho kiliipiga. Ile ya gharama, niliyoinunua kwa ajili ya muziki hasa, ikaizungusha kidogo na kutangaza kwamba hakuna diski.

Jamani! Nusu ya nusu ya milimita na ushei! Na si kwamba mtu alikosea kupima. Alipima, akajua, akaandika alichojua, akauza.

Maana kuna kanuni. CD ina kanuni zake, zinaitwa Kitabu Chekundu, zilizoandikwa na Philips na Sony kabla CD ya kwanza haijaingia dukani mwaka 1982. Kwa sababu ya kitabu hicho, diski iliyochapwa Tokyo ilipigwa Tanga bila mtu kuulizana na mtu. Philips walipoitazama DualDisc walikataa kuipa nembo ya CD. Upande wa CD wa diski hiyo, kwa hiyo, haukuwa CD; kwenye kasha wakauita upande wa sauti, jina ambalo halimkabi mtu mahakamani. Lakini Sony je? Sony BMG ilikuwa miongoni mwa waliozitoa DualDisc, na nusu ya Sony BMG ilikuwa mali ya Sony. Chukua basi kitabu cha maelekezo cha mashine ya Sony ya miaka hiyo, pekua mpaka kurasa ambazo hakuna anayezisoma, utakuta maelezo ya adabu kabisa kwamba upande wa sauti wa DualDisc haufuati kanuni za CD na kwa hiyo hawakuhakikishii kwamba utapiga. Nyumba moja iliandika sheria, ikauza kinachoivunja, halafu ikauza na mashine yenye karatasi ya kujitoa lawamani. Mlango wa kuingizia pesa haukuwa na karatasi yoyote.

Wala mteja hakuachiwa nafasi kubwa ya kuchagua. Devils & Dust, albamu ya Bruce Springsteen, mwaka 2005, ilitoka Marekani kwa DualDisc, hakuna CD ya kawaida pembeni. Ukiutaka muziki, beba na hatari yake. Halafu hao hao wakashangaa kwa nini watu wanapakua.

Naomba radhi, nilikuja kusifu. Basi niisifu ile sentensi. Ipo nyuma ya kasha, chini, herufi ndogo kuliko za tarehe ya kuharibika kwa dawa, na inasema kwamba upande wa sauti haufuati vipimo vya CD, hivyo si mashine zote za CD na DVD zitakazoupiga. Sijawahi kusoma maandishi yaliyofanya kazi vizuri namna ile. Muziki wa ndani ulishindwa kwenye redio yangu. Sentensi ile haikushindwa mahali popote. Ukiisoma kabla ya kununua, huelewi. Ukiisoma baada ya kununua, unaelewa, na wewe ndiye uliyeonywa.

Diski nayo niliipeleka dukani, pamoja na risiti. Kijana wa kaunta aliigeuza, akaigeuza tena, akatafuta upande. Duka, akasema, halirudishi pesa za diski iliyofunguliwa; linabadilisha tu ikiwa na kasoro, na linabadilisha kwa albamu ile ile.

"Ina kasoro gani?" akauliza.

"Haipigi kwenye gari."

Akanionyesha sentensi kwa kidole. "Basi haina kasoro. Ndivyo ilivyo." Lakini alikuwa kijana mwenye huruma, akaangalia nyuma yake kama bosi yupo, akachukua nyingine rafuni, ile ile, nailoni yake haijaguswa, akaniwekea kwenye mfuko.