Vigelegele vya Stowe

Wachezaji wa skii nawajua kwa sahani zao. Nafanya kazi jikoni, kwenye bwalo la Chuo Kikuu cha Vermont, na kila majira ya baridi timu huingia asubuhi na njaa ya kutisha. Yupo wa mayai sita. Yupo wa uji wa shayiri na siagi ya karanga. Yupo binti mmoja mwembamba ambaye tambi anazokula peke yake zingetosha hitma. Kwa hiyo Machi 2019, mashindano ya kitaifa ya vyuo vya Marekani yalipoletwa nyumbani kwetu, pale Stowe, mwendo wa kama saa moja kutoka Burlington, niliona si haki kubaki. Chakula chote kile nakipika mimi, sijawahi kuona kinakokwenda.

Nikamchukua jirani yangu, Mama Furaha, mzaliwa wa Masisi kule Kivu Kaskazini. Burlington haina uhaba wa Wakongo na Warundi, lakini mwenye sauti ya kushangilia ni yeye. Alivaa koti juu ya koti, akajifunga kitenge juu ya yote, akabeba chupa ya chai. Mimi nilijipa moyo kwamba milima haiwezi kunitisha. Mlima Mansfield, mrefu kuliko yote ya Vermont, una mita 1,339. Mji wa Lushoto nilikozaliwa uko juu kuliko kilele hicho, na watu wanauza kabichi. Tofauti ni kwamba Lushoto hakuna anayejiachia kuteremka kama daladala iliyokatika breki, tena kwa hiari yake.

Sasa, nani alisema skii ni mchezo wa kutazamwa? Unasimama chini kabisa. Mchezaji anaanzia juu, nyuma ya kona, nyuma ya miti. Unasubiri. Miguu inakufa ganzi kuanzia vidole. Ghafla kengele za ng'ombe zinalia kila upande, maana Wazungu hushangilia skii kwa kengele za ng'ombe, na Mama Furaha anageuka huku na huku: "Sasa, ngombe iko wapi?" Kabla sijamjibu, mtu amechomoza, amezichapa fito nyekundu na buluu kwa mikono na magoti, zimelala, zimeinuka, naye ameshapita. Ukikohoa, umemkosa.

"Mama Zuhura, ule anamukimbiza ni nani?"

Nikamweleza: hakuna anayemkimbiza ila saa. Kila mmoja anashuka mara mbili, muda wake unajumlishwa, na akiruka lango moja tu, safari imeishia hapo. Mama Furaha alilitafakari hilo la mwisho. Mtu ameacha kwao, amefanya mazoezi tangu utotoni, anaruka lango moja anaambiwa nenda nyumbani. "Hii ni kama interview ya ukimbizi," akasema, akajimiminia chai.

Tatizo kubwa lilikuwa kuwatambua watu wangu. Kwenye bwalo nawajua. Pale wote wamevaa kofia ngumu, miwani mikubwa na nguo za kubana. Wa mayai sita ni yupi? Tukakubaliana tushangilie rangi. Vermont ni kijani, basi kila kijani ni chetu. Kijani cha kwanza kilipochomoza, Mama Furaha akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka Kanada. Kengele zilinyamaza. Watu waligeuka. Akapiga cha pili.

Bahati mbaya, Dartmouth nao ni kijani. Ni wapinzani wetu kutoka jimbo la jirani, New Hampshire, na kijana tuliyemrushia vigelegele alikuwa wao. Mama yake alitujia machozi yakimlengalenga, akamkumbatia Mama Furaha, akatupa biskuti. Tulizila. Ungefanyaje? Watu wetu wa Vermont walitutazama kwa jicho la kutudai, na tangu hapo tukawa tunasubiri wengine waanze kelele, kisha tunadandia.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mbio ndefu za msituni, kwenye shamba la familia ya von Trapp, wale waimbaji wa filamu ya The Sound of Music. Mama Furaha alipojua kwamba waliondoka Austria mwaka 1938, Wanazi walipoitwaa, wakaja kununua shamba hapa, alitikisa kichwa. "Kumbe na bo ni wakimbizi." Akaanza kulikagua shamba kwa macho ya mtu anayepanga mipango.

Hapo angalau unaona kitu. Wanaanza wote kwa pamoja, wanazunguka, wanarudi wakihema, mate yameganda kidevuni. Mzee mmoja wa Norway aliyesimama karibu yetu alituuliza tumetoka wapi. Nilipotaja Afrika Mashariki akaruka: "Philip Boit!" Akatusimulia habari za Mkenya huyo kule Nagano mwaka 1998, alivyomaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Boit akarudi kwao, mwanawe akampa jina la Dæhlie. Mzee alinishika mkono kana kwamba nilikuwepo. Mimi ni Mtanzania, lakini sifa zilikuwa tamu, nikazipokea kwa niaba ya Kenya.

Kombe lilikwenda Utah, sisi tukawa wa pili. Mama Furaha alitaka kujua Utah wamewatoa wapi vijana wale. Nikamwambia wengi ni wa Ulaya. "Na betu?" Wetu nao, wengine Norway, wengine Quebec. Akaangalia umati: mzee wa Norway, wamiliki wa asili ya Austria, mimi wa Lushoto, yeye wa Masisi. "Sasa nyumbani ni kwa nani hapa?"

Jumatatu binti wa tambi alikuja kwenye foleni, akaniambia amesikia kuna mtu alipiga mayowe ya ajabu mlimani. Nilimwongezea tambi bila kusema kitu. Mama Furaha naye jioni alinipigia simu, anauliza mwaka ujao wanafanyia wapi. Nikamwambia Montana.

"Kuna bus?"