Jinsi ya Kubadili Dalali Bila Kuuza Shamba

Ndugu yangu, sogea hapa pembeni tuongee taratibu. Shamba lako la Ilagala, kando ya Ziwa Tanganyika, ekari nne na michikichi yake, huu mwaka wa pili halijapata mtu. Kosa umeshalijua ni la nani: la dalali. Unataka kumwacha umchukue mwingine, na mimi nitakuelekeza vizuri, mpaka shamba lifikishe mwaka wa tano likiwa bado lako.

Kwanza, bei. Usimuulize jirani aliyeuza mwaka jana, maana huyo atakutajia bei. Mpigie shemeji yako wa Kigamboni, muulize ekari ya kule inakwendaje, halafu juu yake ongeza ya ziwa. Ongeza na ya reli: mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ilagala haiko njiani mwa reli, lakini reli ni reli. (Ya Mjerumani ilifika Kigoma mwaka 1914 na babu yako hakupandisha hata senti. Mzee wa watu hakuwa na simu janja.) Usisahau mawese. Tangu Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, aivalie njuga michikichi mwaka 2018, kila mwenye mche uani anajiita mwekezaji, na wewe unayo ya marehemu babu, mirefu mpaka mkwezi anaikataa. Hiyo ihesabu kama ya kihistoria.

Pili, mchunguze huyo dalali uliye naye. Zipo dalili za dalali wa kufukuzwa, na zote ni rahisi kuziona.

Akikuambia bei iko juu, mfukuze. Amekudharau, na amelidharau kaburi la babu.

Akikuambia muanze kwa mwenyekiti wa kijiji, mfukuze haraka zaidi. Ni kweli Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka halmashauri ya kijiji iridhie kabla haki ya kimila haijahamia kwa mtu mwingine. Lakini ukienda kijijini watauliza mipaka, na mpaka wa upande wa mtoni unajua mwenyewe ulivyosogea.

Akikuuliza mkeo anajua, usijibu. Mle shambani kuna nyumba mnayoishi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuruhusu kuiuza bila ridhaa yake. Dalali gani huyu anayeingia mpaka chumbani?

Dalili mbaya kuliko zote ni hii: amekuja mnunuzi na hela yake mfukoni, mmesimama ufukweni, upepo mzuri, mnunuzi ameshaanza kuonesha kwa kidole atakapojenga baraza. Dalali wako akakohoa, akamwambia kwamba ndani ya mita 60 kutoka maji ya ziwa haruhusiwi kujenga, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Halafu, kama vile haitoshi, akamwonesha michikichi iliyosimama majini na kumwambia kwamba ilipopandwa haikuwa majini. Ziwa limepanda, watu wa Kibirizi watakusimulia. Lakini nani alimtuma aseme? Mnunuzi akisema, "Basi punguzeni kidogo, nitajenga kule juu," ondoka kwa hasira. Mtu anayetaka kununua huku anajua anachonunua ni wa kuogopwa.

Tatu, tafuta dalali mpya. Huyu utamjua kwa maneno matamu. Hajafika shambani lakini ameshalipenda. Ukimtajia milioni 12 atasema, "Mzee wangu, unajidhulumu, tuanzie 20." Atakuomba nauli ya kulitembelea, mpe. Atakuomba vocha, mpe. Atapiga picha jua linazama upande wa Kongo, na katika picha hiyo shamba halitaonekana kabisa. Kama kuna mwembe, atasema Livingstone aliketi chini yake. Kumbuka kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, siyo Ilagala, lakini mwembe hauwezi kukanusha.

Muhimu zaidi, dalali huyu ana Mzungu wake. Usiulize Mzungu huyo yuko wapi. Usiulize pia atanunuaje, kwa sababu sheria yetu ya ardhi haimpi mgeni ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, tena kwa kupitia mamlaka ya uwekezaji, na ekari nne zenye kaburi katikati hazijawahi kuitwa mradi. Mzungu wa dalali hanunui. Kazi yake ni kukupa usingizi mwororo.

Nne, usimwachie mmoja. Wape wanne kwa pamoja, kila mmoja umwambie yuko peke yake. Hapo ndipo utamu ulipo. Kila dalali ataweka cha juu chake, na mnunuzi mmoja anayezunguka Mwanga sokoni ataletewa shamba lilelile asubuhi kwa milioni 14, mchana kwa 17, na jioni kwa 21, likiwa na mwembe wa Livingstone. Atadhani ni mashamba matatu. Akigundua ni moja, atadhani ni la wizi, atanunua kiwanja Gungu na mtaambiana kheri.

Tano, namna ya kuachana na yule wa zamani. Usimwambie. Acha tu kupokea simu zake. Mkataba wa maandishi usiwe nao tangu mwanzo, wala msiandikiane asilimia yake ni ngapi, ni kwa muda gani, na ikitokea mnunuzi aliyewahi kumleta akarudi kununua kupitia dalali mwingine nani atalipwa. Mambo hayo yaachieni mdomo, ili siku ya siku wajitokeze wawili, kila mmoja na asilimia 10 yake na shahidi wake.

Yule uliyemwacha hatakwenda mahakamani. Atakwenda Ujiji, atakaa kwenye kahawa, atavunja kashata, na mtu akitaja shamba lako atasema maneno mawili tu: "Lina mgogoro." Basi. Kikombe cha pili hakijamiminwa, habari imeshafika Mwandiga.

Na hapa nikuibie siri, isitoke nje. Kila dalali mpya anaanza upya: picha, nauli, bei, Mzungu. Hakuna anayedumu mpaka kufika kwenye lile swali, yaani shamba lilikuwa la babu, watoto wa babu ni saba, usimamizi wa mirathi haujafunguliwa, na shangazi yako wa Kasulu hajaambiwa kitu. Dalali wa kwanza ndiye aliyekuwa amebakiza siku mbili tu kumpigia shangazi. Ulimwacha kwa wakati mwafaka kabisa.

Ukiulizwa msikitini au kwenye harusi kwa nini shamba haliuziki, pumua kwa masikitiko, useme, "Madalali wa siku hizi, bwana." Hakuna atakayekubishia. Hata madalali waliopo hapo wataitikia kwa kichwa, kila mmoja akimfikiria mwenzake.

Mimi mwenyewe niko kwa dalali wa sita. Ekari tatu, Simbo, michikichi inazaa, barabara inapitika kiangazi. Bei ni maelewano, ila haipungui. Ukija, usipitie kwa shangazi.