Samaki wa Kopo Kisiwani Pemba

Huku Bellevue, Johannesburg, mvua tunayoijua ni ya aina moja. Inaanza Oktoba, inakata Machi au karibu na hapo, na hupenda kushuka alasiri watu wakitoka kazini. Radi mbili tatu, mawe yanatwanga mabati na kupasua vioo vya magari Rockey Street, halafu jua linarudi na wauza ndizi wanapanga tena mafungu yao palepale. Aprili mji mzima unakauka, majani yanageuka rangi ya karatasi kuukuu na midomo inaanza kupasuka kwa baridi. Ndipo mtu wa Tabora kama mimi anapoingiwa na hamu ya kuona kijani.

Kwanza niliitamani Karibi, hasa Grenada, nchi inayopenda viungo hadi ikachora kungumanga kwenye bendera yake. Nauli ilinitibu ugonjwa huo jioni ileile. Lakini viungo si vya Grenada peke yake. Pemba iko jirani na kwetu, Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, na mwezi wa nne vyumba vyake hupatikana kwa bei ya kuonea huruma. Wenye hoteli nyingi za wageni hufunga kabisa hadi Juni. Wachache wanaobaki wazi huuita huo “msimu wa utulivu”. Wenyeji huuita masika.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, aliposikia aliweka kikombe chini.

“Mukubwa, unaenda kulipa feza juu ya mvua? Kwetu Bukavu inanyesha bule.”

Sikumjibu, nilikuwa nafunga mizigo. Afrika Kusini mfuko wa plastiki unaulipia dukani tangu 2003, kwa hiyo nyumbani kwangu hakuna unaotupwa. Kila shati lilipata mfuko wake, kila soksi na wake. Masika yanikute tayari! Kumbe Tanzania ilishapiga marufuku mifuko hiyo tangu Juni 2019, na wageni huombwa kuiacha wanapoingia. Afisa mmoja kijana, mwenye adabu zake zote, akaanza kuvua nguo zangu nguo zao, moja baada ya nyingine, mbele ya foleni. Chini kabisa akakuta makopo ya samaki.

“Na haya, mzee?”

“Zawadi.”

“Unazipeleka wapi?”

“Pemba.”

Akamwita mwenzake aje asikie kwa masikio yake.

Nikavuka hadi Unguja, na Unguja nikakaa, maana boti ya Pemba haikuondoka. Bahari imechafuka, tukaambiwa, rudini kesho. Kesho nayo tukaambiwa vivyo hivyo. Walalamikaji walikuwa wengi, nami nilikuwa mstari wa mbele, mpaka nilipokumbuka mambo mawili. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani yetu, vyombo vya baharini vilisimamishwa na hakuna aliyebishana. Na Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Utajiri wa kisiwa kile ulithibitishwa na dhoruba ya mwezi uleule nilioambiwa ni wa utulivu. Nikanyamaza.

Siku tuliyoondoka, mama aliyeketi kando yangu aliniona nimebadilika rangi, akanipa kipande cha ndimu. “Nusa, baba, nusa.” Nikanusa, roho ikatulia. Mara akaninyang'anya, zamu yake ilikuwa imefika.

Wete nilikuwa mgeni pekee katika nyumba nzima. Bi mkubwa mwenye nyumba alinitazama nikichuruzika mlangoni.

“Umekuja kikazi?”

“Hapana, kutembea.”

“Masika haya?” Akafikiri kidogo, kisha akashusha sauti. “Una msiba?”

Mvua ya Johannesburg ni mdai: inagonga mlango kwa matusi, inavunja kitu, inaondoka. Ya Pemba ni mkwe aliyekuja na sanduku. Haigombi na mtu wala haina haraka, na asubuhi unaikuta imeshaamka kabla yako. Shati nililofua siku ya kufika nililivaa siku ya kuondoka, bado bichi, baada ya Bi mkubwa kulipigia pasi ya mkaa mpaka likatoa moshi. Umeme nao, ambao tangu 2010 huja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, ulikatika usiku kucha. Hapo nilipumua: jambo moja angalau nilikuwa nimelisomea. Mtu aliyeishi na mgao wa Johannesburg hupapasa kiberiti gizani bila kugonga hata kiti.

Nilikwenda msitu wa Ngezi nikiwa na raba nyeupe, za heshima, za kutokea Jumapili. Kijana aliyeniongoza alivaa kandambili, na alipofika kwenye tope alizivua akazishika mkononi. Mimi tope lilinivua lenyewe. Alikuwa akinieleza habari za popo wa Pemba, wakubwa, wasiopatikana kwingine kokote duniani, ambao walikaribia kwisha kwa kuliwa hadi wanavijiji walipoamua kuwalinda. Habari nzuri sana, nami niliisikiliza nimepiga magoti, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, nikitafuta mguu wa kushoto.

Jioni nikauliza samaki. Kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote, nilitarajia changu, au pweza hata kidogo. Bi mkubwa akacheka. Upepo umegeuka, ngarawa zimevutwa pwani, nani atoke? Tulikuwa tumekula mayai, tukala maharage, tukarudia mayai. Nikaenda chumbani nikarudi na makopo.

Aliyageuza geuza kwenye mwanga wa kibatari. Hakusema neno. Akakuna nazi, akakamua ndimu, akatia pilipili, pembeni akachemsha shelisheli. Majirani wawili walipiga hodi wakakuta sufuria iko chini, na hakuna aliyeuliza samaki wametoka wapi hadi mifupa ilipokwisha.

“Hawa wa kwenu,” akasema mmoja akilamba kidole, “wamevuliwa na mtu asiyeogopa upepo.”

Kwa hiyo sitamshauri mtu asiende Pemba mwezi wa nne. Bei ni ndogo kwa sababu msimu huo hakuna anayejipanga kukupendeza: watu wanangoja upepo, wanalima, wanakula kilichopo, nawe utakula hichohicho. Anayetaka bahari ya kwenye kalenda aende Januari, alipe bei ya Januari.