Maiki Saba na Chupa Moja ya Fanta

Umetenga chumba kimoja cha mabati hapa Shianda ukakiita studio. Ni studio. Mtu akikucheka, mwambie aje aimbe tumsikie.

Swali linalonifuata hadi kwa muuza mandazi ni lile lile: nina bendi, pesa ni kidogo, ninunue maiki gani ya kondensa? Basi tuhesabu, kutoka saba kushuka hadi moja. Bei nitazipima kwa mifugo, kwa sababu dola haitulii, ila kila mtu kwenye barabara ya Kakamega–Mumias anajua kuku, mbuzi na ndama wanaachana vipi.

Kipimo cha sauti ni chupa ya Fanta. Ile ya kioo, yenye mbavu. Abana ba Nasery, bendi ya Bunyore, walikuwa na magita mawili, la Shem Tube na la Justo Osala, na Enos Okola akikwaruza chupa. Ukiiondoa ile chupa, wimbo unachechemea. Weka yako hatua moja mbele ya maiki, pitisha kijiti cha chuma juu ya mbavu zake, sikiliza kwa hedifoni. Chupa isikike kama chupa: mkwaruzo mkavu, ubavu mmoja mmoja, na nyuma yake mlio mdogo wa kioo. Ukisikia mafuta yakichemka kwenye karai, maiki hiyo irudi dukani.

7. BM-800: kuku watatu

Umeiona kila mahali, kichwa kikubwa na sponji juu. Fungua wavu wake, ndani mna kidude cha elektreti kidogo kama kifungo cha koti. Maiki ya elektreti yenyewe si kitu cha kudharau. James West na Gerhard Sessler walipoiunda Bell Labs mwaka 1962 walifanya kazi ya maana sana. Shida ni ule waya wa kuchomeka kwenye tundu la maiki la kompyuta, unaokusanya mvumo wa kila chenye umeme chumbani. Chupa? Mafuta, karai na jiko lenyewe. Kwa anayejifunza kukata na kuunga sauti, inatosha. Kwa albamu, kula kuku wako.

6. Kondensa yoyote ya USB: mbuzi mdogo

Mhubiri mmoja, mtangazaji mmoja, sawa kabisa. Bendi, hapana. Kila maiki ya USB ina saa yake ndani, na saa mbili hazitembei sawasawa. Chomeka mbili, na wimbo ukirefuka ngoma na mwimbaji wanaanza kuachana kama ndugu waliogawana shamba. Tupite.

5. MXL 990: mbuzi

Hii inapenda sauti za juu kupita kiasi. Gita lenye nyuzi zilizochoka, lile linalozunguka kijiji kizima na kurudi na nyuzi tano, litapata ujana mbele yake. Lakini mkabidhi mwimbaji mwenye ubeti wa "sasa sisi siku hizi" uone: kila *s* inatoka na wembe. Msogeze pembeni kidogo, aimbe kupita maiki, asiiimbie usoni.

4. Shure SM57: mbuzi aliyenona

Najua, najua. Si kondensa, ni dainamiki, tena ya tangu 1965. Lakini mnayo bendi ya Magharibi mwa Kenya, na bendi ya Magharibi bila isukuti ni chai bila majani. Isukuti, mali ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho, ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mwaka 2014 UNESCO iliweka densi yake kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sasa wewe ukitaka kuilinda kwa kubandika kondensa ya bei nafuu shibiri moja kutoka kwenye ngozi ya ile kubwa, utarekodi maiki ikilia, wala si ngoma. SM57 inapigiwa kelele usoni na haishtuki. Haihitaji umeme wa 48V. Ikianguka, iokote, ifute, endelea. Nunua kwa mtu unayemwamini tu, maana bandia zake ni nyingi.

3. Audio-Technica AT2020: mbuzi wawili

Hapa ndipo kondensa zinaanza kuwa kondensa. Inastahimili hadi desibeli 144, kwa hiyo ngoma ndogo ikiwa hatua mbili mbele yake, haina neno. Mvumo wake wa ndani ni desibeli 20. Kwenye gita linalopigwa kwa nguvu hutausikia, kwenye mtu anayenong'ona utausikia. Chupa inapita vizuri, mbavu zinahesabika. Ikiwa pesa yako inafikia maiki moja tu na bendi ni gita na sauti, ishia hapa, usinisome zaidi.

Umesalia? Basi nikwambie habari ya hizo 48V, maana hapa ndipo wengi hununua maiki na kurudi nyumbani na kipande cha chuma. Kondensa ina utando mwembamba mno mbele ya bamba lenye chaji, na bila umeme wa kutoka nje haitoi hata kikohozi. Mwaka 1966 Neumann waliipelekea redio ya taifa ya Norwei maiki zinazolishwa umeme kupitia waya wa sauti wenyewe, na wenyeji walikuwa tayari na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, kwa ajili ya giza lao la baridi. Ndiyo maana hadi leo unabonyeza kitufe cha 48V hapa Shianda. Kiolesura cha sauti kinachochomekwa kwenye kompyuta huutoa umeme huo, na laptopu yenye betri nzuri ina faida nyingine: stima ikipotea, wimbo haupotei.

2. Rode NT1-A: ndama

Mvumo wake wa ndani ni desibeli 5. Tano! Kati ya mwimbaji na maiki hakuna kitu ila hewa. Mpe mama anayeimba polepole, mwenye sauti yenye vumbi kidogo, na utasikia anavyolowesha midomo kabla ya ubeti.

Utamsikia pia jogoo wa boma la tatu. Nimewahi kupata ubeti mzuri kuliko zote za siku, na katikati yake, safi kabisa, jogoo huyo anaitika kwa ufunguo wake mwenyewe. Maiki inayosikia sana husikia kila kitu: bodaboda, matone ya kwanza juu ya mabati, mtoto anayeburuta mtungi. Mvua ya huku hupenda alasiri, kwa hiyo sauti zirekodiwe asubuhi. Tundika mablanketi mawili mazito nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki, kwa sababu mbele ndiko maiki inakotazama. Na ukimaliza, irudishe kwenye sanduku pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Unyevu wetu ukiingia kwenye utando, maiki huanza kutoa milio kama mahindi yanayokaangwa.

1. Jozi ya kondensa nyembamba: Behringer C-2 kwa mbuzi mmoja, au Rode M5 ukiweza zaidi

Ndiyo, mbuzi mmoja amempita ndama. Tulia nikueleze.

Bendi zetu hazipigi vipande vipande. Gita la pili linajibu la kwanza, ngoma ndogo inamchokoza mwimbaji, chupa inawaambia wote watembee vipi. Ukimfungia kila mmoja peke yake na hedifoni, umerekodi watu watano wanaosubiriana. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipowarekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet mwaka 1950 wakiimba "Chemirocha", hakuwa na treki ishirini za kuchanganya baadaye. Mizani ya sauti ilipatikana pale pale: nani asimame karibu, nani asogee.

Jozi inakurudisha huko, na safari hii kwa masikio mawili. Zisimamishe pamoja kwenye urefu wa kifua, vichwa vikiachana sentimita 17, kama kalamu ya Bic na vidole viwili, moja ikitazama kushoto na nyingine kulia kwa pembe ya nyuzi 110. Hivyo ndivyo redio ya Ufaransa ilivyofanya, na ndivyo masikio yako yalivyoachana pia. Bendi ipange nusu duara, hatua tatu mbele yake. Sasa acha vitufe, tumia miguu: mwimbaji hatua moja mbele, isukuti kubwa hatua tatu nyuma, magita huku na huku. Rekodi dakika moja, sikilizeni wote, msogee tena. Mpiga ngoma atalalamika kwamba yuko mbali. Mpe hedifoni asikie, atatulia.

Kwenye C-2, swichi ya kupunguza sauti za chini iwashe, maana trekta la miwa linaloelekea Mumias linapita kwenye sakafu kabla halijapita barabarani.

Mkwaruzaji wa chupa mweke kulia, nusu hatua nyuma ya gita la kwanza. Saa moja asubuhi, mabati bado baridi, mwambie aanze peke yake, mbavu nne, kisha wengine waingie.